Usiache Mbachao

Juma hili twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo wazazi wengi hulidhani ni la watoto tu, yaani michezo ya video. Hapa Lubumbashi, katika komini yetu ya katikati ya mji na vilevile Kenya, Katuba na Kamalondo, zipo nyumba ndogo ambamo vijana hukusanyika mbele ya televisheni, kila mmoja akilipa faranga zake ili acheze mpira kwenye kioo. Kwa yule achezaye, hiyo ni burudani. Kwa mwenye nyumba ni kazi, na pengine jamaa nzima hula kwa kazi hiyo.

Siku chache zilizopita mama mmoja wa komini yetu alitujia na shida yake. Mwanawe wa kwanza ana mashine tatu za PlayStation 4, na fedha zilizopatikana kwazo ndizo zilizolipa karo ya wadogo zake. Sasa kijana asema atauza zote tatu, achukue na akiba ya nyumbani, anunue PlayStation 5 moja. Amesikia ya kuwa michezo ya mpira haitatolewa tena kwa mashine za zamani, na ya kuwa mchezo mkubwa uitwao Grand Theft Auto VI u karibu kutoka. Tena rafiki zake wanakwisha kupanga orodha ya michezo itakayokuja na mashine itakayofuata PlayStation 5. Mama akatuuliza, “Je, maneno haya ni ya kweli?”

Hatukumjibu papo hapo. Tulitaka kwanza kutazama jinsi mambo yalivyokwenda miaka iliyopita, maana uvumi huu si wa kwanza.

PlayStation 2 ilianza kuuzwa Japani mwezi wa Machi 2000. PlayStation 3 ikaifuata mwaka 2006, na wengi wakasema ile ya pili imekufa. Lakini mwaka 2013 mchezo wa mpira wa FIFA 14 ulitolewa kwa PlayStation 2 pia, miaka 13 baada ya mashine hiyo kuzaliwa! Kadhalika PlayStation 4, iliyoanza kuuzwa mwaka 2013, ilipata mchezo wa EA Sports FC 26 mwezi wa Septemba 2025, ingawa PlayStation 5 ilikuwa sokoni tangu Novemba 2020. Wale waliouza mashine zao mapema kwa kuogopa kukosa mpira waliogopa bure.

Tutazame na mchezo wa magari, Gran Turismo 7. Ulionyeshwa mwezi wa Juni 2020 pamoja na PlayStation 5, na watu wakaungoja mwaka 2021. Haukutoka mwaka ule. Ulitoka Machi 2022, na ulipotoka ulichezwa kwenye PlayStation 4 vilevile. Basi aliyenunua mashine mpya kwa ajili ya mchezo huo peke yake alilipia kitu ambacho hakikuwapo bado.

Hata hivyo yatupasa kusema kweli yote. Uvumi si uongo siku zote. Grand Theft Auto VI ulitangazwa kwa PlayStation 5 na Xbox Series tu, wala si kwa mashine za zamani. Hapo kijana ana haki. Lakini siku yake ya kutoka je? Desemba 2023 ilitajwa 2025. Mei 2025 ikatajwa tarehe 26 Mei 2026. Novemba 2025 ikatajwa tarehe 19 Novemba 2026. Wenye mchezo wenyewe wamebadili siku mara mbili. Je, sisi wa pembeni tutaijuaje? Na juu ya mashine itakayofuata, Mark Cerny, msanifu mkuu wa PlayStation, alisema Oktoba 2025 habari ya mashine ya baadaye, baada ya miaka michache. Hakutaja siku wala bei. Orodha za michezo yake, basi, ni ndoto tu.

Wala wasidhani vijana ya kuwa kubahatisha ni kosa lao peke yao. Sisi watu wa Kongo twajua gharama yake. Mwaka 2000 wanunuzi wa dunia walidhani ya kuwa simu na mashine mpya, PlayStation 2 ikiwa mojawapo, zitahitaji koltani kuliko iliyopo, na bei ikapanda mara kadhaa. Kule Kivu watu wengi waliacha mashamba wakaenda kuchimba. Mwaka 2001 bei ikaanguka. Aliyekuwa ameacha jembe alirudi akakuta majani.

Tulipokwisha kutazama hayo, tulimwita kijana akaketi nasi pamoja na mama yake. Alitusikiliza kwa adabu, kisha akasema, “Wazee wangu, nikingoja, jirani atanitangulia, na wateja watahamia kwake.” Neno hilo si la kipumbavu. Kungoja nako kuna gharama yake. Hata bei ya PlayStation 5 kule Marekani ilipandishwa Agosti 2025 badala ya kushuka.

Kwa hiyo hatukumwambia angoje tu. Tulimwambia ahesabu. Wateja wake wanalipia mchezo gani? Akajibu kwamba karibu wote hulipia mpira. Mashine tatu huchezesha watu wangapi kwa wakati mmoja? Sita, wawili kwa kila mashine. Na moja? Wawili. Wale wanne watakaa wapi? Kijana alinyamaza kidogo, akatazama mikono yake. Mama hakusema neno, nasi tulimsifu moyoni kwa kunyamaza.

Mwishoni walipatana hivi: mashine tatu zibaki, akiba ya karo isiguswe, na kila Jumamosi kijana aweke kando sehemu ya mapato katika kopo lake mwenyewe. Siku mchezo ule utakapokuwa dukani, si katika midomo ya watu, atafungua kopo na kuona lina nini.

Wazee walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Mkeka wa kijana huyu umechakaa, lakini wadogo zake wanakwenda shule juu yake. Wazazi, msiwacheke watoto wenu wanapozungumza habari za michezo. Ulizeni, sikilizeni, kisha hesabuni pamoja nao.