Veronika Hakutokea

Ijumaa Kuu iliyopita, kambini Nyarugusu, binti wa miaka 14 aliyepangiwa kuigiza Veronika katika Njia ya Msalaba hakutokea. Tulikuwa tumefanya mazoezi Kwaresima nzima. Askari walikuwepo, msalaba ulikuwepo, Veronika hayupo. Ikabidi mvulana ajitande kitenge ampanguse Bwana uso, na watu wakacheka palepale walipopaswa kulia.

Shangazi yake aliniambia waziwazi: "Frateri, msichana akizoea kutazamwa na watu, ataharibika."

Tangu siku ile namfikiria Lupita Nyong'o. Wengi wanamjua kwa ule usiku wa Machi 2014 alipopokea tuzo ya Oscar kwa kuigiza Patsey, mtumwa wa kike, katika filamu ya 12 Years a Slave. Lakini akiwa na miaka hiyohiyo 14 alikuwa jukwaani Nairobi, katika kundi la Phoenix Players, akiigiza Juliet wa Shakespeare. Dunia ilikuwa haijamsikia. Walikuwepo tu watu wazima waliomruhusu kwenda mazoezini.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa kambini wangelielewa haraka kuliko sisi. Lupita alizaliwa Mexico mwaka 1983 kwa kuwa baba yake, Peter Anyang' Nyong'o, alikuwa ameihama Kenya kwa sababu za kisiasa. Naye ni mtoto wa ukimbizi, basi.

Hata hivyo tusidanganyane. Baba yule alikuwa msomi wa chuo kikuu, na binti alisoma Marekani hadi Yale. Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, na Warundi wakaja kwa wingi mwaka 2015. Aliyezaliwa hapa hawezi kwenda hata Kasulu mjini bila kibali. Ndiyo maana nachoka kusikia wasichana wetu wakiambiwa waote ndoto kubwa, halafu hawapewi hata mahali pa kusimama waonekane. Kambini, jukwaa lililo karibu nao zaidi ni la kanisa. Tukilifunga hilo, tumewaachia nini?

Wapo wanaosema maigizo ni mambo ya dunia. Karol Wojtyła, kabla na hata baada ya kuanza masomo ya upadre kwa siri, aliigiza Kraków chini ya utawala wa Wanazi, katika maonyesho ya kificho majumbani mwa watu. Akiwa Papa Yohane Paulo II aliwaandikia wasanii barua nzima, Pasaka ya 1999. Sijui waseminari wangapi tumeisoma.

Lakini shangazi si mjinga, na hapa ndipo sisi tulipokosea. Mazoezi yetu yaliisha jioni sana. Njia za kambini ni giza, na binti alirudi peke yake. Mimi niliyeongoza mazoezi sikuwahi kufika kwao kujitambulisha. Mzazi gani angetulia? Mazoezi yafanyike mchana, baada ya Misa. Akina mama wawili watatu wa jumuiya wawepo muda wote, na kiongozi asibaki peke yake na msichana yeyote. Ni kazi yetu kuyapanga hayo. Tumemwadhibu binti kwa uzembe wetu, tukauita maadili.

Mwaka 2016 ilitoka filamu ya Queen of Katwe, Lupita akiigiza mama maskini wa Kampala. Binti yake katika filamu hiyo, Madina Nalwanga, hakuwa na jina wala shule ya uigizaji. Walimpata kwenye darasa la ngoma la mtaani. Darasa hilo nalo lilikuwa na mtu aliyelifungua mlango.

Kwaresima ijayo nitakwenda kwa shangazi yule kabla ya mazoezi kuanza. Nitamwomba aje akae nasi, na kitambaa cha Veronika akichague mwenyewe.