Mwenye Kitanda Ndiye Ajuaye Kunguni

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mkurugenzi wa kampuni hukilalia kitanda hicho kila siku. Mwananchi aliyenunua hisa chache kwa akiba ya mshahara wake hukiona kwa mbali, kimetandikwa shuka safi. Basi mkurugenzi anapouza hisa zake, hapana budi mwananchi ajiulize: ameona nini?

Kisa cha Enron, kampuni ya nishati ya Houston, Marekani, ni fundisho kubwa. Agosti 2000 hisa yake moja ilifikia bei ya karibu dola 90. Bei ilipokwisha kuporomoka, Mwenyekiti wake, Kenneth Lay, aliwaambia wafanyakazi tarehe 26 Septemba, 2001 kwamba hisa hizo zilikuwa rahisi mno, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa amenunua. Hakuwaeleza kwamba mwaka huo huo alikuwa ameiuzia kampuni hisa za mamilioni ya dola ili kulipa mikopo yake. Sheria ya wakati ule iliruhusu mauzo ya namna hiyo yatangazwe mwaka uliofuata. Mwisho wa Novemba hisa haikufikia hata dola moja, na tarehe 2 Desemba kampuni ikatangaza kufilisika. Maelfu ya wafanyakazi walipoteza kazi pamoja na akiba yao ya uzeeni iliyowekwa katika hisa hizo hizo. Kweli, mla nawe hafi nawe.

Hata hivyo, si haki kumshuku kila mkurugenzi auzaye. Naye hujenga nyumba na kusomesha watoto. Mmoja kuuza sehemu ndogo si dalili ya msiba. Dalili ni wakuu kadhaa kuuza kwa mkupuo, au mmoja kuuza huku akiwahimiza wengine wanunue.

Lakini dalili iliyofichwa haimwonyi mtu. Ndiyo maana Marekani ilitunga sheria mwaka 2002, ikawataka wakuu hao watangaze mauzo yao katika siku mbili za kazi. Hapa kwetu, Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza biashara mwaka 1998, na sheria ya mwaka 1994 inakataza kuuza au kununua hisa kwa kutumia siri za kampuni. Sheria peke yake haitoshi. Mwalimu na mtumishi mwenye hisa wasione haya kusimama katika mkutano mkuu wa mwaka na kuuliza: ni kiongozi gani ameuza, lini, na kiasi gani? Kuuliza hivyo si fitina. Ni haki ya mwenye mali.