Mama Aliyekaa Tu Nyumbani

Katika baraza za Mji wa Kale wa Mombasa, baina ya magharibi na isha, kahawa chungu inapozungushwa na vikombe vikagongana mkononi mwa muuzaji, kuna neno moja lisilokosa kurudi, nalo ni kwamba mama kumwacha mtoto akatoka kwenda kutafuta riziki si mila yetu, ni tabia ya ugenini iliyoingia juzi, na kwamba mji huu ulikuwa na murua maadamu mama alikuwa ndani. Asemaye hayo huitikiwa na wazee kwa vichwa, na kijana akithubutu kuhoji huambiwa, kwa upole ule unaofunga kinywa kuliko ukali, "Mwanangu, mwacha mila ni mtumwa." Nimeisikia kauli hii tangu sijaota ndevu, na kwa miaka mingi niliinyamazia kwa staha, lakini sasa ni mtu mwenye wajukuu, binti yangu ameudhiwa kwayo, na naona kuendelea kunyamaza ni kushirikiana na dhuluma. Nasema bayana kwamba dhana hiyo ni batili. Si kwa sababu dunia imebadilika, kama wasemavyo wengi wanaowatetea wanawake, bali kwa sababu hicho kinachoitwa mila hakikuwa hata siku moja mila ya akina mama wote wa mji huu.

Kwanza, kila taifa katika mji wetu lina wa kumtupia lawama. Mswahili wa Thenashara Taifa atakwambia kwamba ni wanawake wa bara waliokuja na reli na ofisi ndio waliotufundisha jambo hili. Mzee wa bara, akiketi Majengo na wenzake, atakwambia kwamba kwao kijijini mama hakuondoka kwake, mpaka walipokuja Wazungu na shule zao. Na mfanyabiashara mmoja wa Kihindi, mtu mwema ambaye nimenunua kwake vitambaa kwa muda mrefu, aliniambia kwamba mabinti wa jamaa zake wameiga mji, ilhali mkewe alikuwa ameketi nyuma yake akiandika daftari la mauzo kama alivyoliandika kila siku tangu walipooana. Sikumjibu, kwa kuwa nilikuwa mgeni dukani kwake. Lakini jambo ambalo kila jamaa inadai limetoka kwa jirani, na jirani naye anadai limetoka kwa mwingine, hatimaye halina kwao. Lipo kwetu sote, na limekuwapo kabla hatujaanza kulilaumu.

Mama yangu alikuwa akiukanda unga baada ya isha, akautia tui, hamira na hiliki, akaufunika uumuke, kisha akaamka saa tisa za usiku kuusukuma. Mpaka leo usingizi ukinikatika saa hizo nausikia mti wa kusukumia ukigonga kibao. Adhana ya alfajiri iliposomwa, sinia lilikuwa limejaa mahamri, limefunikwa kawa, na sufuria ya mbaazi za nazi ipo kando. Nami na ndugu yangu tulilibeba kwa zamu mpaka kona ya mtaa, tukarudi na sarafu ambazo alizifunga katika pindo la leso, fundo moja likiwa la unga wa kesho, na fundo la pili, lililokazwa zaidi, likiwa la karo yetu. Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa kuli wa bandarini. Meli zikija alipata, zisipokuja hakupata. Siku moja alikuja karani wa serikali, akaketi ukumbini kwetu, akauliza mke wa mwenye nyumba anafanya kazi gani, na baba akajibu bila kufikiri, "Hafanyi kazi, amekaa tu nyumbani." Karani akaandika. Nilikuwa nimesimama mlangoni, viatu nilivyovaa vikiwa vimenunuliwa kwa mahamri, wala mimi mwenyewe sikuona kosa katika jibu lile. Baba hakukusudia kusema uongo. Hivyo ndivyo alivyofundishwa kusema, na karani vivyo hivyo, na daftari lile limebaki mahali fulani likishuhudia jambo ambalo halikuwa.

Wakati huo huo ulipokuwa ukikaangwa mlo wetu wa asubuhi, wanawake wa Kigiriama walikuwa njiani na mizigo ya makuti na mboga; wengine walikuwa Kongowea wakishusha magunia; na mama wa Kijaluo mwenye samaki wake alikuwa amekwisha kuwasha moto. Wote hao walikuwa mama wa watu. Hakuna aliyewaita waasi wa mila, kwa sababu hakuna aliyewahesabu kuwa wanafanya kazi, au aliyewahesabu hakuwahesabu kuwa ni wetu.

Sasa na tuitazame methali yenyewe. Mila inayosifiwa barazani ni ile ya mwanamke wa kiungwana aliyetawa, ambaye jua halikumwona, na aliyekuwa akitoka kwa nadra. Huko Lamu alitembea ndani ya shiraa, hema la kitambaa lililoinuliwa kwa vijiti na kushikwa na wajakazi, ili apite mtaani asionekane uso wala umbo. Watu wa baraza humsifu aliyekuwa ndani ya hema. Mimi nauliza habari za walioshika vijiti. Walikuwa Wanyasa, Wayao na wengineo walioletwa kwa nguvu kutoka mbali. Ndio walioteka maji visimani, waliotwanga, waliokwenda sokoni na shamba, ili mwenye nyumba aweze kukaa ndani kwa heshima. Nao walizaa. Watoto wao walilala wapi walipokuwa wakimbebea bibi hema? Utumwa ulifutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, na katika mwambao wetu wa Kenya mwaka 1907, yaani katika uhai wa mabibi na mababu ambao wengi wetu tuliwakuta. Basi mtu anaposema kwamba mwacha mila ni mtumwa, naye anakusudia mila hii hususa, na akumbuke kwamba mtumwa hakuwa mtu aliyeiacha mila hiyo. Mtumwa ndiye aliyeibeba.

Wako wanaotoa ushahidi katika Utenzi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858 na mjane wa mtawala wa Siyu kwa ajili ya binti yake. Naupenda utenzi ule kwa moyo wangu wote, na ni katika fahari kubwa za lugha yetu kwamba mama mgonjwa aliacha urithi wa namna ile. Walakini na usomwe mpaka mwisho na kwa macho mawili: mama yule yule anayemuusia binti yake kumtunza mume na kuilinda heshima ya nyumba anamwonya pia asichanganyike na watumwa ila wakati wa kazi. Nyumba ile ilikuwa na watu wa kufanya kazi. Wasia wa mama wa daraja ile kwa binti wa daraja ile ni kitu kizuri na cha kweli, lakini kumvika kila mama wa Kisauni na Likoni vazi lililokatwa kwa kimo cha binti wa mtawala, kisha kumlaumu kwa kuwa halimwenei, si insafu.

Wala wasikimbilie dini. Muislamu anajua kwamba Bibi Khadija alikuwa mfanyabiashara mwenye mali, na kwamba Mtume mwenyewe alisafiri na bidhaa zake kabla ya kumuoa; na Mkristo akifungua Mithali, sura ya 31, atamkuta mke anayesifiwa kwa kufikiri juu ya shamba akalinunua na kupanda mizabibu kwa mapato ya mikono yake. Hoja hiyo imekwisha kusemwa na wanavyuoni bora kuliko mimi, nami naiacha hapo.

Linalonichoma zaidi ni la leo. Nyumba nyingi ambamo husemwa kwamba mama hapaswi kumwacha mwanawe, zina mwanamke jikoni aliyemwacha wake. Ametoka Kaloleni, au Ganze, au Kitui, amemwachia bibi mtoto wa miaka miwili, amekuja kulea mtoto wa mwingine. Twamwita msichana. Awe na miaka kumi na minane au arobaini, awe na mtoto mmoja au watano, ni msichana wa kazi. Naye hutuitikia kwa kusema mama na baba. Katika pwani hii, ambako mwanamke akizaa tu huvuliwa jina lake akaitwa mama fulani, na watu wakaona ni utovu wa adabu kumwita vinginevyo, tumemvua mwanamke huyu hata umama wake, kwa sababu tukiutaja itatupasa tujiulize nani anamnyonyeshea. Na ikitokea akapata mimba mikononi mwetu, hufungishwa mzigo wake akapelekwa stendi ya basi, ilhali Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama aliyejifungua miezi mitatu ya likizo kwa mshahara kamili, wala haikumtoa mfanyakazi wa nyumbani katika haki hiyo. Maelfu ya wanawake wa nchi hii, na wa pwani miongoni mwao, wamekwenda Saudia na nchi za Ghuba kufanya kazi hiyo hiyo katika nyumba za watu, na baadhi yao wamerudishwa ndani ya majeneza. Fedha wanazotuma husifiwa barazani pale pale. Sijamsikia mtu akimwambia aliye Riyadh kwamba ameacha mila.

Wataniambia kwamba mtoto wa mama afanyaye kazi huharibika. Babu zetu manahodha waliondoka hapa na upepo wa kusi, wakarudi na kaskazi, na mtoto aliyeachwa akitambaa alikutwa akikimbia. Hakuna aliyesema kwamba mtoto ameharibika kwa kuwa baba hayupo, kwa kuwa walikuwapo bibi, shangazi, somo na jirani, na mkono mmoja haulei mwana. Lililobadilika ni kwamba mikono ile imepungua, bibi yuko mbali na kodi ya nyumba haimsubiri mtu, na badala ya kutafuta mikono mingine tumemkalisha mama mmoja kizimbani. Sheria hiyo hiyo ya 2007 humpa baba majuma mawili mke wake anapojifungua. Wanaume wangapi wa baraza yetu wameyachukua, na waliochukua wameyatumia wapi?

Binti yangu ni karani katika ofisi ambayo sitaitaja. Alirudi kazini mtoto akiwa na miezi mitatu na siku chache, na mchana wa siku ya kwanza maziwa yakamjaa mpaka yakapenya buibui. Aliomba mahali pa faragha. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri awe na chumba cha kunyonyeshea, lakini hapakuwa na chumba. Mkubwa wake akamwambia, mbele ya watu, kwamba kama ni kunyonyesha si angekaa nyumbani. Basi aliingia katika stoo ya mafaili ya zamani, akaketi juu ya sanduku, akakamua maziwa ndani ya chupa aliyoileta katika chombo cha barafu, na mlango ule haukuwa na kitasa. Aliyesimama nje kuulinda ni mwenzake wa Kijaluo, ambaye alikuwa amepitia stoo hiyo hiyo miaka miwili nyuma, peke yake, bila mtu wa kumlindia. Wamefanya hivyo mara mbili kwa siku kwa miezi minne. Aliponisimulia sikupata la kumwambia, nikatoka nje nikasimama kizingitini, nikamkumbuka karani yule wa daftari.

Siku zile zile, mwanamke aliyekuwa akimlea mjukuu wangu aliniomba ruhusa ya kwenda Kaloleni kwa kuwa mwanawe alikuwa na homa. Nilimuuliza mtoto anaitwaje. Alikuwa amekaa kwetu miezi minane, akila chungu kimoja nasi, na hilo lilikuwa swali langu la kwanza juu ya mtoto huyo. Nililiona hilo usoni pake kabla hajanijibu. Nikamwambia aende, na mshahara wake usikatwe, na akirudi arudi naye.

Sasa wako watoto wawili uani kwetu, mmoja ananyonya kwa chupa iliyotoka stoo ya mafaili, mwingine anafuata kuku, na wote wawili hulala adhuhuri juu ya mkeka mmoja. Yule tuliyekuwa tukimwita msichana, tunamwita kwa jina la mwanawe kama aitwavyo kila mama wa mtaa huu. Jumatano iliyopita mzee mwenzangu wa barazani alipita kunijulia hali, akawatazama wale watoto, akaniuliza yule mkubwa ni wa nani. Nikamwambia ni wa mama anayefanya kazi hapa. Akautazama sana ule mkeka, akakaa kitako, akaomba maji.