Staa mwenye lipshaini, klabu za chuo siyo stoo yako!

Wadau, leo sina stori ya nani kaachana na nani. Nina hasira, na hasira yenyewe inahusu lipshaini.

Kila mwaka wa masomo ukianza, wale wa mwaka wa kwanza wakishapokelewa, klabu za vyuo zinaamka. Klabu ya mdahalo, ya mazingira, ya wanasheria watarajiwa, ya wapanda milima, zote zinataka hela. Nauli ya mashindano Dodoma, kuchapa vyeti, kukodi ukumbi, kwenda kutembelea kituo cha watoto. Ada ya wanachama haitoshi (buku mbili mbili utamkimbiza nani?), mfadhili kasema "tutawasiliana", basi kinaitwa kikao na agenda ni moja: tuuze nini?

Hapo ndipo mambo yanapoharibika. Kwenye vikao vile watu wanauliza "nini kitapendeza?" Hakuna anayeuliza nani atanunua, na kisipouzika nani atalipa. Na hapa mjini kuna watu wanajua kabisa kwamba hilo swali halitaulizwa.

Kuna staa mmoja, jina kapuni, na msije inbox kuniuliza maana sitajibu. Sura yake mnaijua, wafuasi anao wa kutosha, na siku hizi kwenye bio kaandika "mjasiriamali". Ana lipshaini yake, kichupa kina stika yenye picha yake. Muhula uliopita meneja wake aliwapigia viongozi wa klabu moja ya chuo kimoja hapa Dar. Maneno matamu balaa: dada anawapenda sana vijana wa vyuo, dada anataka kuwashika mkono, chukueni mzigo muuze, faida ni ya klabu yenu, hela ya kuanzia hatutaki hata mia.

Wakaambiwa ni mali kauli. Sasa mtoto wa Kariakoo anaijua mali kauli vizuri. Tajiri anakupa mzigo kwa kuaminiana, unauza, unampelekea chake, na kama mzigo umekaa mnakaa chini mnaongea. Ndiyo mtaji wa wengi wasio na mtaji. Lakini karatasi iliyoletwa pale chuoni ilisema mambo mengine kabisa: mzigo haurudishwi, na malipo yote ndani ya siku 60. Hiyo siyo mali kauli. Hilo ni deni lililovaa jina la mali kauli.

Katoni 10, kila katoni vichupa 24. Vichupa 240 kwa bei ya klabu shilingi 8,000, wao wauze 12,000. Piga mwenyewe: deni ni 1,920,000. Klabu ina wanachama kama 40, nusu yao wavulana.

Siku ya uzinduzi staa alikuja kweli. Alikaa dakika arobaini, akapiga picha na kila mtu, akapost stori kama kumi na mbili, "nawapenda wasomi wangu", akapanda gari akaondoka. Siku ile viliuzika vichupa 50 na kitu. Baada ya hapo kasi ikashuka, na siku 60 zilipoisha jumla vilikuwa vimetoka 71. Hiyo ni 852,000, yote ikaenda kwa meneja. Bado 1,068,000.

Na karatasi ilisainiwa na nani? Klabu yenyewe haina akaunti ya maana, mwenyekiti siku hiyo "alikuwa na test", mlezi wa klabu hakuambiwa kitu. Akasaini mweka hazina, binti wa mwaka wa pili. Jina lake, namba yake ya NIDA, simu yake. Sasa hivi ndiye anayepigiwa simu na meneja asubuhi na jioni, eti "dada hajapenda kabisa". Mpaka sasa mdogo wetu ameshatoa 300,000 kwenye boom lake mwenyewe. Kwa wasiojua chuo, hela ya kula na malazi ya mwanafunzi wa mkopo ni shilingi 10,000 kwa siku tangu mwaka wa masomo 2022/2023, kabla ya hapo ilikuwa 8,500. Kwa hiyo huyo binti amelipa siku 30 za kula ili staa mwenye nyumba na magari asipate hasara kwenye lipshaini.

Soma tena hiyo sentensi, halafu uniambie nani kamshika nani mkono.

Najua wengine mnaandaa maneno: "si walisaini wenyewe, watu wazima hao." Sawa, walisaini. Lakini tuambiane ukweli, binti wa miaka 20 akiletewa karatasi na mtu anayemfuata tangu yuko sekondari, huku kamera zinawaka na wenzake wanapiga vigelegele, atasema "samahani dada, naomba nikasome kipengele cha nne kwanza"? Meneja alijua. Ndiyo maana karatasi ililetwa siku ya uzinduzi na siyo wiki moja kabla.

Na mzigo wenyewe? Mdau mmoja alinitumia picha kutoka Kariakoo, kichupa kilekile, kifuniko kilekile, bila stika ya sura ya mtu, kwa jumla hakifiki hata nusu ya hiyo 8,000. Halafu vipodozi nchi hii vinatakiwa visajiliwe. Kazi hiyo ilikuwa ya TFDA, tangu 2019 iko TBS. Niliuliza kama kuna mtu pale klabuni aliulizia usajili wa ile lipshaini. Kimya. Sisemi haijasajiliwa, nasema aliyekuwa anaipaka wenzake midomoni hakujua.

Tukimwacha staa, klabu nyingi zinajiua zenyewe bila msaada wa mtu yeyote maarufu. Silaha inaitwa fulana.

Sijui nani alituroga. Kila klabu lazima iwe na fulana, nembo kifuani, mgongoni maneno ya Kiingereza ya kuhamasisha. Tufanye hesabu ya mfano. Fulana pamoja na kuchapa 12,000, mchapaji anataka oda ya 100, hiyo ni 1,200,000. Mnauza 25,000. Thelathini wananunua wanachama wenyewe, maana yake mmetoa hela mfuko wa kulia mkaweka wa kushoto. Ishirini wananunua marafiki kwa kuoneana aibu. Zimebaki 50, na ukiangalia saizi ni XXL na zile za kubana watoto. Mauzo 1,250,000. Faida shilingi 50,000, baada ya wiki nane za vikao na ugomvi wa rangi ya nembo. Aliyepata faida nono ni mchapaji, na yeye wala siyo mwanachama.

Na 25,000 ni siku mbili na nusu za kula. Mwenzako akikuambia "nitachukua mwezi ujao", hajakuchukia. Anahesabu ugali.

Hudi ndiyo sitaki hata kuizungumzia. Hudi, Dar es Salaam, mwezi wa pili! Mbeya na Iringa nitawaelewa.

Kuna na wale wa virutubisho, wanaokuja na projekta na stori za "uhuru wa kifedha", kila mwanachama ananunua pakiti ya kuanzia halafu alete wenzake wawili. Hiyo siyo harambee, ni klabu yenu kugeuzwa mnyororo wa mtu mwingine. Wafungieni mlango. Na wanaouza madesa na pasti pepa: mmoja akinunua, kabla hujamaliza kuhesabu chenji darasa zima limeshapata WhatsApp.

Sasa mtaniuliza, wewe unayeponda kila kitu, klabu iuze nini?

Iuze kitu ambacho mtu angenunua hata kama hajui klabu yenu ipo. Hicho ndicho kipimo changu na sina kingine. Karanga za kukaanga anazinunua kila siku getini kwa bibi yule. Ubuyu, kashata, maji baridi saa saba mchana, juisi ya miwa. Anatoa mia tano bila kuombwa na bila kuwaza. Ukibakiwa na karanga, unakula. Ukibakiwa na fulana 50 utazifanyia nini, madekio?

Naijua klabu moja ya wasichana waliokuwa wanauza taulo za kike hosteli, usiku. Hakuna nembo, hakuna uzinduzi. Walijua tu kwamba duka la karibu linafungwa mapema na shida yenyewe haiangalii saa. Faida ya kila pakiti ilikuwa ndogo, ila mzigo ulikuwa unaisha na unaagizwa tena, unaisha na unaagizwa tena. (Na hapo bei yenyewe ina kodi. VAT ya taulo za kike ilifutwa 2018, ikarudishwa 2019 kwa hoja kwamba wauzaji hawakushusha bei. Aliyeadhibiwa akawa mnunuzi. Hiyo hasira nyingine, tutaifanyia siku yake.) Wale mabinti walinunua mzigo kwa hela yao, pakiti chache kwanza, wakaona kama zinakwenda, ndipo wakaongeza. Hakuna karatasi ya siku 60 iliyosainiwa na mtu yeyote.

Lakini kama mnataka hela ya maana, acheni kuuziana wenyewe kwa wenyewe. Mwanafunzi hana hela. Mwenye hela ni yule anayekuja chuoni mara moja, siku ya mahafali.

Mmewahi kusimama getini siku ile? Nendeni mkaangalie. Shangazi ametoka Mwanza usiku kucha kwenye basi, mjomba kavaa suti ya harusi yake, bibi kapewa kiti cha mbele kwenye kosta ya kukodi. Hao watu siku hiyo hawabani. Wanataka taji la maua la kumvisha mtoto, wanataka picha ikiwa tayari imeshachapwa, wanataka maji, wanataka mahali pa kukaa kivulini na mtu wa kuwaonyesha ukumbi uko wapi. Nani anawauzia? Wamachinga waliodamka saa kumi alfajiri, na haki yao wapate. Lakini ninyi mnaolala mita mia mbili kutoka ukumbini, mnaojua kila kichochoro cha chuo, siku hiyo mko wapi? Mmelala, au mnapiga picha za kujipost.

Mataji mnaweza kutengeneza wenyewe wiki mbili kabla, waya, utepe na maua ya bandia kutoka Kariakoo. Mnaweza kupokea oda mapema kwa wahitimu wenyewe, wanalipa nusu, na kwa hizo hela mnanunulia vifaa. Oda ikiwa 60 mnatengeneza 70, siyo 300. Kibali mnaomba kwa Mshauri wa Wanafunzi mapema, msije mkafukuzwa na mgambo. Malipo yapite kwenye lipa namba ya klabu inayoonwa na watu watatu, siyo namba ya mwenyekiti ambaye simu yake huwa "imezima chaji" kila mkisema mahesabu.

Mdau mmoja akanibishia, mbona Marekani skauti wa kike wanauza biskuti na zimekuwa biashara kubwa nchi nzima? Kweli kabisa. Ila aangalie walivyoanza. Mwaka 1917, kundi moja la Muskogee, Oklahoma lilioka biskuti jikoni kwao na kuziuza kwenye kantini ya shule. Viwanda vilikuja baadaye. Kitu chenyewe kinalika, bei ndogo, na aliyenunua leo kesho kakimaliza anataka kingine. Hawakuanza na katoni za mtu maarufu zisizorudishwa.

Wengine mtasema nina wivu na staa. Jamani, biashara na afanye, atajirike, ajenge ghorofa mpaka mawinguni. Akitaka kuuzia wanafunzi afungue meza yake, aajiri muuzaji, alipe mshahara, hasara ikija iwe yake kama faida ilivyo yake. Akitaka kusaidia klabu, atoe mchango, tutamshukuru na picha tutapost. Asichanganye vitu viwili halafu tumpigie makofi.

Na viongozi wa ile klabu, mwenyekiti hasa, wewe uliyekuwa na test. Lile deni ni la klabu. Itisheni kikao, mwiteni mlezi, aone ile karatasi kwa macho yake, halafu mwende kwa meneja watu watano siyo binti peke yake. Mwambieni mmelipa 852,000 na mdogo wenu kaongeza 300,000, jumla 1,152,000, kwa vichupa 71. Kwa bei yao ya 8,000, vile 71 ni 568,000 tu. Yaani ameshalipwa zaidi ya mara mbili ya mzigo uliouzika, na bado anapiga simu.

Vilivyobaki ni vichupa 169. Katoni saba hazijafunguliwa, na kichupa kimoja kipo juu yake. Viko chini ya kitanda cha mweka hazina, hosteli, na joto hili sijui hata kama bado ni lipshaini au ni supu. Dada staa, najua unasoma hapa, maana meneja wako huwa anakoment kwa akaunti feki. Tuma gari.