Muuza Omena Naye ni Mdhamini

Katika Kiswahili cha asili, mdhamini si mtu aliyetoa pesa kisha akapigwa picha. Mdhamini ni yule anayesimama mbele ya hakimu na kusema: huyu akitoroka, nishikeni mimi. Neno lenyewe linatokana na dhamana, na dhamana ni mzigo. Siku hizi kurasa za michezo zimelivika neno hilo vazi jingine. Kampuni iliyochapisha jina lake kwenye fulana za wachezaji huitwa mdhamini, ingawa timu ikishuka daraja kampuni haipotezi hata usingizi wa usiku mmoja.

Leo ningependa kulirejesha neno hilo kwa mtu anayelistahili, naye ni mchuuzi wa omena katika soko la Kibuye, mjini Kisumu.

Namfahamu mama mmoja pale ambaye kwa miaka mitatu amekuwa akimlipia mtoto wa jirani gharama za shule ya bweni. Hawana undugu wa damu. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2008 serikali hulipia masomo ya sekondari ya kutwa, lakini malazi, chakula na sare vilibaki kuwa shughuli ya mzazi, na asiyekuwa na mzazi hutafuta mama kama huyu. Pesa zake hazitoki benki. Zinatoka katika gorogoro, lile kopo la mafuta ya kupikia la kilo mbili ambalo ndilo mizani ya masoko yetu ya Nyanza. Hakuna jengo litakalobeba jina lake. Hospitali kuu ya Kisumu ilijengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti na kufunguliwa mwaka 1969. Leo inaitwa kwa jina la Jaramogi Oginga Odinga, lakini mwambie mwendesha bodaboda akupeleke Russia, nawe utafika bila maelezo zaidi. Mfadhili mkubwa hukaa ndimi za watu hata baada ya nchi yake kusambaratika.

Balaa la mama huyu ni kalenda. Kuanzia Aprili hadi Julai uvuvi wa omena hufungwa ili samaki hao wapate kuzaana, na hapana mwenye akili atakayeipinga hatua hiyo. Lakini muhula wa pili nao hufunguliwa katika miezi hiyo hiyo. Mchuuzi hubaki akiuza magunia aliyoyahifadhi, huku akilinda kiasi fulani cha pesa za kununulia mzigo mpya ziwa litakapofunguliwa. Mwaka mmoja karo ilipodaiwa, mama alizichukua pesa hizo zote akamlipia mtoto. Agosti ilipofika, mashua zikaanza kutua Mbita na Usenge zikiwa zimesheheni, naye hakuwa na uwezo wa kununua hata gunia moja. Meza yake ikakaa tupu miezi miwili. Muhula wa tatu ulipoanza, mtoto akarudishwa nyumbani. Aliyedhamini na aliyedhaminiwa walianguka pamoja.

Sina budi kukiri kosa langu. Katika muhula ule ule wa pili, mimi mwenye mshahara wa mwisho wa mwezi niliweka kadi ya mchango juu ya meza ile, kwa ajili ya matibabu ya rafiki. Mama alitoa shilingi mia tano akanishukuru kwa kumkumbuka. Sikuuliza zilitoka wapi.

Harambee za wanasiasa zimepigiwa kelele kwa miaka mingi, na kwa haki. Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya mwaka 2003 ilijaribu kuzidhibiti, na mnamo Julai 2024 Rais William Ruto alitangaza kwamba maafisa wa serikali wangepigwa marufuku kushiriki. Lakini mlango wa mheshimiwa ukifungwa, mwenye shida hubisha mlango ulio karibu, nao ni wa duka. Dola halioni utoaji huo. Mwenye mauzo ya kati ya shilingi milioni moja na milioni 25 kwa mwaka, akiwa katika kodi ya mauzo, tangu 2023 hutozwa asilimia tatu ya mauzo yote. Hapunguziwi gharama yoyote, sembuse karo ya mtoto wa jirani.

Nitaambiwa kwamba utoaji haupimwi, kwamba Mungu ndiye mlipaji, na kwamba mchuuzi bahili hukimbiwa na wateja. Hoja hiyo ya tatu ni ya kweli, wala si aibu mtu kuitamka: ukarimu huleta wateja. Lakini mteja akija akakuta meza tupu, ukarimu huo utamfaa nini?

Mwaka 1947 Odinga, akiwa ametoka katika ualimu, aliunda kampuni ya Luo Thrift and Trading Corporation, iliyojenga Ramogi House hapa hapa Kisumu. Jambo linalonivutia ni kwamba ingawa nia yake ilikuwa kuinua jamii nzima, hakupitisha bakuli. Aliuza hisa. Sidai kwamba kampuni hiyo haikuwa na matatizo. Ninachosema ni kwamba tangu zamani wapo waliojua kuutenganisha mtaji na huruma, pasipo kuidharau huruma.

Ndivyo wafanyavyo sasa mama yule na wenzake wanne wa meza za jirani. Wameunda chama. Kila mmoja huandika daftarini mtaji wake kwanza, kisha matumizi ya nyumbani, kisha fungu dogo la hisani, na mafungu hayo matano ndiyo yanayomsomesha yule mtoto. Mwenzao akikwama, wanne hubaki wamesimama.

Juzi nilitumwa tena na kadi, ya mazishi safari hii. Mama aliisoma yote, akafungua daftari, akapitisha kidole hadi mstari wa mwisho.

“Pole sana, Mwalimu,” akasema. “Fungu la mwezi huu limekwisha. Uje tarehe mosi.”

Nikairudisha kadi mfukoni, nikanunua gorogoro moja ya omena.