REDIO YA NDEGE SI SANDUKU LA KUBANDIKWA TU

Ndugu wanachama wa Embakasi, Donholm, Kaloleni na kwingineko,

Wako mabwana wasemao: "Kufunga redio katika ndege ni kazi ya saa moja, karatasi za nini?" Tunawajibu: atiaye sahihi ni fundi, si bwana.

Redio ina uzito. Inakula umeme. Antena yake mara nyingi yataka tundu katika bati la ndege. Ikikaa karibu na dira, dira husema uongo. Ndiyo maana Mapatano ya Chicago ya 1944, kifungu cha 30, yanataka leseni ya serikali ilikoandikishwa ndege. Hapa Kenya mabadiliko ya ndege yenye cheti hupitia Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na leseni ya redio hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano.

Watasema Ulaya wamelegeza. Kweli, mwaka 2015 waliruhusu redio ifungwe katika ndege ndogo, hata zisizo na injini, kwa kufuata maelezo yaliyokwisha kupitishwa, bila kungoja idhini mpya. Lakini ukaguzi na sahihi havikufutwa!

Nasi twataka hivyo hivyo. Kazi ndogo zisilale miezi katika ofisi. Lakini fundi asilazimishwe kutia sahihi kazi asiyoikagua. Ndege ikianguka, bwana ataonyesha jina lako, si lake.

Ukiamriwa, kataa, kisha mwite mwakilishi wa chama siku hiyo hiyo. Tusimame pamoja!