Simu ku ngambo ya Kasumbalesa: bei ijulikane mbele ya kuvuka

Kila siku watu wa kwetu wanavuka ku Kasumbalesa. Kuko anayepeleka mgonjwa ku Kitwe ao ku Ndola, kuko mama anayeenda kutafuta unga, kuko shofere wa lori ya shaba anayeshuka mpaka Afrika ya Kusini, kuko mtumishi wa mine aliyetumwa kazi ku Lusaka. Wote wako na simu mu mfuko. Na wengi, wakirudia, wanaleta neno moja: kredi ilikwisha bila kuongea, na ku nyumba watu walilala bila habari.

Tuseme wazi: hiyo si bahati mbaya. Ni feza ya jamaa inayotoka bila mwenyewe kujulishwa bei. Na feza ya mine tunajua vile inapatikana. Anayeshuka mu shimo, ao krezeri anayepima mifuko yake jioni, hawezi kukubali duka limuuzie kitu bila kumwambia bei. Juu ya nini tukubali hivyo kwa simu?

Kwanza tufahamu vile mambo yanaenda. Ukivuka na kadi yako ya Congo, simu inatafuta mnara wa kampani ya Zambia. Kampani ile inamlipisha kampani yako, na kampani yako inaongeza yake juu, kisha inakata ku kredi yako. Njo maana unaweza kulipa hata kama ni mwengine njo amekuitia: sauti yake inapita Congo kwanza, halafu inakufuata mpaka ku Zambia, na hiyo njia ya pili mara nyingi inalipwa na wewe. Tena, simu za leo hazilale. Hata ukiiweka mu mfuko, inapakua picha za WhatsApp, inafanya upya programu zake, na mega zinakatwa kwa bei ya inje.

Kuko na jambo lingine baya zaidi. Mnara haujue mpaka. Watu wa Kasumbalesa, wa Mokambo, wa Sakania, hata wa Kipushi, wanaweza kukaa mu nyumba zao na simu ikashika rezo ya Zambia yenyewe. Mtu hajatoka hata ku parsele yake, lakini analipa sawa msafiri.

Tufanye nini? Njia ziko, na hazihitaji masomo mengi.

Ya kwanza: fungia mlango wa mega mbele ya kufika ku mpaka. Mu parametre za simu kuko maneno «Données en itinérance». Uyazime. Wenye kukaa karibu na mpaka wachague rezo ya Congo kwa mkono, wasiiachie simu ichague yenyewe.

Ya pili: kama unakaa zaidi ya siku moja, nunua kadi ya Zambia. Simu nyingi zetu ziko na nafasi ya kadi mbili. Kadi ya Zambia iandikishwe kwa jina lako, ku duka la kampani yenyewe, na paspoti yako ku mkono. Usinunue ku barabara kadi iliyokwisha kuandikishwa kwa jina la mtu mwengine. Siku ile mwenyewe atakuwa na maneno na polisi, na wewe utaitwa. Ao itakatwa wakati mgonjwa wako iko mu lopitalo.

Ya tatu: acha kadi ya Congo ndani ya simu ipokee mesaji, lakini usiongee nayo. Kupokea mesaji fupi mara nyingi hakulipishwi, na njo kule unapata namba za siri za banki. Kama WhatsApp inakuuliza kubadilisha namba, kataa. Itaendelea na namba yako ya zamani juu ya mega za kadi mpya.

Ya ine: andika namba za jamaa yako na +243 ku mwanzo. Namba inayoanza na 0 haitafika ku Congo kama unaitia ku rezo ya Zambia. Na wale wa nyumba waandike yako mpya na +260. Kazi hii ni ya dakika kumi, na inafanywa mbele ya safari, apana ku mlango wa lopitalo.

Ya tano: mupatane saa. Sauti iliyorekodiwa ya dakika moja inakula mega kidogo sana kuliko kuonana kwa video. Jamaa ikijua kama habari zinakuja saa moja ya magaribi, hakuna atakayeitia mara kumi kwa woga. Tena, ulizia mbele kama feza ya simu yako inaweza kutoka kule. Usingoje kufika ku kese ya daktari njo ujue haitoke.

Lakini hatutaki mzigo wote ubakie ku mgongo wa msafiri. Mwenye kuuza njo anapashwa kusema bei. Tunaomba kampani za simu zitume mesaji kwa Kiswahili na kwa Kifaransa wakati simu inashika rezo ya inje: kuongea dakika ni ngapi, kupokea ni ngapi, mega ni ngapi. Na wakati kredi inaelekea kwisha, zisimamishe mega mpaka mwenyewe akubali. Kwa wale wanaokaa ku mpaka bila kuvuka, feza iliyokatwa irudishwe.

Kwa kampani za mine, tunasema hivi: mtumishi anayetumwa ku Zambia ao kwingine apewe kadi ya kule pamoja na feza ya safari. Simu ya kazi isilipwe na mshahara wa nyumba. Masendika yaweke jambo hili mu mazungumzo yao. Ni dogo ku karatasi, lakini si dogo mu sufuria.

Kwa serikali, mfano uko. Tangu tarehe 15 Juni 2017, mtu mwenye kadi ya Ufaransa akienda kutembea Ubelgiji analipa simu sawa vile yuko kwake. Karibu zaidi, Kenya, Rwanda na Uganda zilianza kushusha bei za simu kati yao tangu 2014. Congo iliingia mu Jumuiya ya Afrika Mashariki mu 2022. Zambia haiko mule, lakini iko pamoja na sisi mu SADC na mu COMESA. Meza za kuzungumzia hazikosekani. Sisi na ndugu wa Chililabombwe, Chingola na Mufulira tunachimba shaba ya mukaba mmoja, na wengi tunaongea Kibemba kimoja. Malori ya shaba yanapita ku barriere kila siku. Sauti ya mama anayeuliza kama mtoto wake ameamka baada ya kupasuliwa isipite kwa bei kuliko ile ya mzigo.

Mpaka serikali itakapofanya kazi yake, wasomaji wetu wafanye yao: kila mwenye kuvuka wiki hii aulize kampani yake bei mbele ya kupanda gari, na jibu alipashe na majirani. Bei isiyojulikana inaendelea kupanda juu hakuna anayeiulizia.